Mtumishi, Kazi Yako ni Gani?

Mwezi wa pili mathe alituma shilingi 15,000 kwa ajili yangu na hakuniambia. Niligundua kwa bahati tu, nikitafuta kwenye simu yake ujumbe wa tokeni za stima. Pesa zilikuwa zimeenda kwenye paybill ya kanisa, na pale pa kujaza namba ya akaunti alikuwa ameandika KAZI YA KIJANA. Kijana ni mimi. Nilimaliza chuo, nina cheti kwenye bahasha ya kaki, na nimetuma maombi ya kazi mpaka nimezoea kutojibiwa. Zile pesa zilikuwa zake za chama. Alingoja miezi kumi na moja zamu yake ifike, na zilikuwa zimepangiwa mabati ya jikoni kwetu Kaptembwa, maana mvua ikinyesha tunapika beseni likiwa katikati ya nyumba.

Nilipomuuliza aliniambia ile ni mbegu. Nikamwambia, mathe, wewe umelima viazi Molo, mbegu unaijua. Mbegu inaingia kwenye udongo, na ukiichimbua unaiona. Hakucheka. Aliniangalia vile huniangalia nikirudi usiku sana, kisha akaniuliza, "Kwani siku hizi humwogopi Mungu?"

Nimekaa na hilo swali miezi kadhaa. Haya ninayoandika ni jibu, na najua litaudhi watu wa pande mbili: wale wa kanisa la mathe, na wale wasee wa grupu yangu ya WhatsApp ambao wakiona neno kanisa wanatuma vicheko kabla hawajasoma. Sawa tu.

Kwanza mji wenyewe. Ukihesabu kwa macho, Nakuru ni mji wa wacha Mungu. Jumapili asubuhi ukitembea kutoka Kaptembwa mpaka katikati ya mji, spika ya kanisa moja inakukabidhi kwa spika ya lingine, hema baada ya hema, ghorofa ya juu ya duka la simu, ukumbi uliokuwa wa arusi. Nguzo za stima zimebandikwa makaratasi ya makesha: kuvunja laana, kufungua milango, mwaka wa kuvuka. Uwanjani kuna mikutano ya injili. Kuna watu wanaoteremka kwenye mapango ya Menengai wakafunga na kuomba kwa siku nyingi, juu ya ule moto wa chini ambao serikali inauchimbia visima vya mvuke. Tarehe 1 Desemba 2021 tulipewa hadhi ya jiji, na kama kungekuwa na mtihani wa ibada tungepita bila kusoma.

Mimi nasema hivi: sehemu kubwa ya tunachokiita kumcha Mungu hapa kwetu ni kinyume chake kabisa. Si kwamba tumezidisha dini. Tumempunguza Mungu mpaka akatosha kwenye kaunta ya duka.

Kiswahili kina neno kamili la jambo hili, na mjini tumeliacha: kucha. Kumcha Mungu si kumwogopa kama unavyoogopa kanjo wakija na lori. Ni kuogopa na kuheshimu na kupenda vikiwa kitu kimoja. Na wahenga wakasema mcha Mungu si mtovu. Nilikuwa nadhani naielewa hiyo methali mpaka siku nilipojiuliza: mtovu wa nini? Methali haisemi. Kwa sikio la mathe inamaanisha hatakosa kitu, hatakosa mabati, mwanawe hatakosa kazi. Lakini kuna pia mtovu wa adabu, mtovu wa haya. Ukiisoma kwa njia hiyo, mcha Mungu ni mtu asiyekosa utu. Ni methali moja yenye dini mbili ndani yake, na ugomvi wangu na mathe wote umo humo.

Kuna mtu aliyeshikwa na ugomvi huu zamani sana. Mwaka 399 kabla ya Kristo, Socrates alikuwa mzee wa miaka sabini, ameshtakiwa Athens kwa kutoiheshimu miungu ya mji, kuleta mingine mipya na kuharibu vijana. Alipokwenda kujibu hatua za mwanzo za kesi, anatusimulia Plato, alikutana nje ya mahakama na jamaa anaitwa Euthyphro. Huyu Euthyphro ukimleta Nakuru leo unampa kipaza sauti mara moja. Alikuwa nabii. Alikuwa akisimama kwenye mkutano wa wananchi akitabiri, na watu wakimcheka, naye akiona kucheka kwao ni wivu. Alijiita mjuzi wa mambo ya miungu kushinda watu wote.

Alikuwa amekuja kumshtaki baba yake mwenyewe kwa mauaji. Hadithi yenyewe ni ya shambani. Kibarua wao alilewa akamuua mtumwa wa nyumba. Baba akamfunga kibarua mikono na miguu, akamtupa mtaroni, kisha akatuma mtu kwenda Athens kuwauliza wajuzi wa dini afanye nini. Kabla mjumbe hajarudi, kibarua akafa kwa njaa na baridi. Ndugu zake Euthyphro walikuwa wamekasirika: unamshtaki baba yako kwa sababu ya kibarua, na muuaji juu yake? Huko ni kukosa kumcha Mungu! Euthyphro akajibu kwamba kumcha Mungu ndiko huku anakofanya.

Nilipoisoma mara ya kwanza, nikiwa chuoni Njoro, nilimpenda Euthyphro. Bado nampenda kwa hilo. Huku kwetu tunajua kibarua ni mtu wa kuhesabiwa mwisho. Mei 9, 2018 bwawa la shamba la watu binafsi lilipasuka usiku kule Solai, maji na matope yakashuka juu ya nyumba za watu, zaidi ya 40 wakafa, wengi wao watoto na akina mama. Kesi ya kuua bila kukusudia ikafunguliwa Naivasha na ikaanza safari yake ndefu. Kwa hiyo mtu anayesema damu ya kibarua ni damu, hata kama aliyeimwaga ni baba yangu, mimi namvulia kofia.

Shida ya Euthyphro ni kwamba alikuwa na haki bila kujua kwa nini. Socrates alipomuuliza kumcha Mungu ni nini hasa, akajibu ni hiki ninachofanya sasa, na ushahidi wangu ni kwamba Zeus pia alimfunga baba yake. Yaani alitenda kwa mfano wa muujiza aliousikia. Akibanwa zaidi akasema ni kile kinachopendwa na miungu. Ndipo Socrates akauliza lile swali ambalo wanafunzi wa falsafa hulifanyia mtihani mpaka leo: jambo ni takatifu kwa sababu miungu inalipenda, au inalipenda kwa sababu ni takatifu?

Watu hudhani hilo ni swali la kuchezea darasani. Mwaka 2023, kule Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya watu waliofunga kula wakiambiwa ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Kulikuwa na watoto. Kama wema ni chochote kile kinachosemekana Mungu anakitaka, na hakuna kipimo kingine, basi mwenye kipaza sauti ndiye mwenye wema. Leo atasema toa 310, kesho atasema usimpe mtoto maji. Huna mahali pa kusimama useme hapana. Yule anayeuliza kama Mungu analipenda jambo kwa sababu ni jema amejiwekea mahali pa kusimama, na hajamtukana Mungu hata kidogo. Amekataa tu kuamini kwamba Mungu ni mtu wa ovyo.

Lakini sehemu ya mazungumzo yale inayonihusu zaidi, mimi na zile 15,000, inakuja baadaye, na watu wengi huiruka.

Euthyphro anasema kumcha Mungu ni kuitunza miungu. Socrates anamuuliza, kuitunza vipi? Mtu akitunza farasi au ng'ombe, yule mnyama ananawiri. Mwenye ng'ombe Njoro akimlisha vizuri na kumwogesha dawa ya kupe, ng'ombe anatoa maziwa zaidi, kila mtu anaona. Sasa wewe ukiitunza miungu, inanawiri? Mungu ananenepa ukimwimbia? Euthyphro anashtuka, anasema hapana, sikumaanisha hivyo. Nilimaanisha utunzaji wa mtumwa kwa bwana wake. Utumishi.

Basi, anasema Socrates, vizuri. Utumishi ni msaada katika kazi fulani. Anayemtumikia daktari anasaidia kuponya. Anayemtumikia fundi wa meli anasaidia kuunda meli. Anayemtumikia fundi wa nyumba, anasaidia nyumba isimame. Nieleze, wewe unayejua mambo ya miungu kuliko wote: ni kazi gani nzuri ambayo miungu inaifanya ikitutumia sisi kama watumishi?

Hapo Euthyphro akababaika. Akasema ni mambo mengi na mazuri. Socrates akamwambia hata jemadari anafanya mambo mengi na mazuri, lakini ukiulizwa unasema ni ushindi vitani. Hata mkulima, lakini unasema ni chakula kutoka ardhini. Kazi yenyewe ni ipi? Euthyphro akakwepa. Akarudi kwenye sala na sadaka.

Hilo swali naliona ni kali kuliko yote, na ni swali la Kiswahili kabisa. Sisi tunawaita Mtumishi. Mtumishi amefika. Mtumishi apewe maji. Gari la Mtumishi lisizibwe. Ni cheo ambacho kimesahau kitenzi chake. Ukisema fulani ni mtumishi wa kaunti, unaweza kuuliza anafanya kazi gani, akakuonyesha mtaro aliouzibua au ukajua ni mwizi wa mshahara. Ukisema ni mtumishi wa Mungu, kuuliza kumekuwa dhambi. Mimi nauliza. Mungu ana mradi gani pale Kaptembwa, huyu anamsaidia wapi, na tukienda kukagua tutaona nini kimesimama?

Wakati Euthyphro anarudi kwenye sala na sadaka, Socrates anamfunga goli la mwisho. Sadaka ni kuwapa miungu, sala ni kuwaomba. Kwa hiyo kumcha Mungu ni ujuzi wa kutoa na kuomba, ndiyo? Ndiyo. Basi ni biashara kati ya watu na miungu. Na Euthyphro, maskini, anasema iite biashara ukitaka. Sasa biashara nzuri ni ya pande mbili kufaidi. Sisi tunapata kila kitu kutoka kwao. Wao wanapata nini kwetu? Au sisi ni wajanja sana sokoni, tunachukua mema yote na wao hawachukui chochote?

Mwaka 2014 runinga ya KTN ilituonyesha mhubiri mmoja wa Nairobi na mbegu yake ya 310, na maji ya miguuni yanayobadilika rangi kwa dawa. Nchi nzima ikacheka. Tukacheka kiasi, utadhani shida ilikuwa ile dawa! Shida ilikuwa ile namba. Toa dawa, toa ujanja wote, weka mhubiri mkweli kabisa asiyejua kudanganya, bado akisema toa hiki Mungu akupe kile, ameshamtukana Mungu. Amemwita muuzaji. Tena muuzaji mbaya, ambaye maskini akikosa mtaji anamwacha na mtoto mgonjwa.

Nilimwambia mathe haya, si kwa maneno ya Wagiriki, na yeye si mjinga. Alinijibu kwamba mimi sielewi, kwamba yeye hanunui kitu, anashukuru. Mungu amemlinda miaka yote, sasa anarudisha kidogo. Sikutegemea jibu hilo, na nilinyamaza. Ndilo jibu la mwisho la Euthyphro pia: miungu inapata kwetu heshima na shukrani. Na ni jibu bora kuliko yote aliyotoa, ingawa Socrates alimwonyesha kwamba limemrudisha alikoanzia, kwamba kitakatifu ni kile kinachoipendeza miungu. Mimi ningempa mathe nusu. Shukrani kweli si biashara. Lakini shukrani hutolewa kwa kilichokwisha kupokelewa, na haijazwi namba ya akaunti. Ukiandika KAZI YA KIJANA hiyo ni oda.

Kisha nikamwonyesha kitu katika Biblia yake mwenyewe, ile ya zipu. Matendo ya Mitume, sura ya 17. Paulo yuko Athens, mji uleule, miaka zaidi ya 400 baada ya Socrates kufa, anabishana na wanafalsafa wa Epikuro na Wastoa. Anawaambia Mungu hatumikiwi kwa mikono ya watu kana kwamba anahitaji kitu, kwa maana yeye ndiye anayewapa wote uhai na pumzi. Hilo ni swali la Socrates limepanda mlima na kurudi likiwa mahubiri. Mathe aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Akasema Mtumishi hajawahi kuihubiri hiyo. Nikasema sishangai.

Wenye pesa kubwa nao wana mbegu zao. Plato alipozeeka aliandika kitabu kirefu kuhusu sheria, na katika sehemu ya kumi anagawanya waasi wa miungu mafungu matatu. Wa kwanza wanasema miungu haipo. Wa pili wanasema ipo lakini haitujali. Wa tatu wanasema ipo, inatujali, na inaweza kuhongwa kwa sala na sadaka. Na hao wa tatu, wanaojaa hekaluni kila sikukuu, kwake ndio wabaya kuliko wote. Anatoa mfano ambao mfugaji yeyote wa Bonde la Ufa anaujua: ni kusema miungu ni kama mbwa wa kulinda zizi, ambao mbwa mwitu wanawagawia kipande cha nyama kidogo ili wawaache watafune kondoo.

Soma huo mfano halafu kumbuka harambee zetu za Jumapili. Mheshimiwa anashuka, anapewa kiti cha mbele, anatoa bahasha, anapewa kipaza sauti. Bahasha imetoka wapi? Nyama imetoka zizi gani? Mbwa halizi swali. Novemba 2024 Rais William Ruto alitoa shilingi 600,000 kwa kwaya na watoto na milioni 2 za nyumba ya mapadre katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaamuru zirudishwe. Tulishangaa kama tumeona mbwa akitema mfupa. Kabla yake, mwaka 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Anglikana alikuwa amewazuia wanasiasa kuhutubia makanisani mwake. Mambo haya mawili mimi nayahesabu kama ibada kuliko makesha mengi niliyowahi kukesha. Na itakuwa ni uongo nikisema yamebadilisha jambo kubwa. Mheshimiwa ana makanisa mengine ya kwenda, na anayajua kwa majina.

Sasa nije kwa wasee wa grupu, kwa maana najua mmefurahi mpaka hapa.

Kuna msee wetu mmoja aliacha kanisa baada ya kuomba miaka miwili apate viza na akakosa. Sasa kila siku anatuma picha za kuthibitisha Mungu hayupo. Bana, wewe hukutoka dukani. Wewe ni mteja aliyesimama mlangoni akilalamika. Ulimpima Mungu kwa bidhaa ulipokuwa ndani na unampima kwa bidhaa ukiwa nje. Epikuro, ambaye nyinyi mkimsoma mtampenda kwa sababu alisema miungu haishughuliki nasi, alisema asiyemcha Mungu si yule anayeikataa miungu ya umati, ni yule anayeibandika miungu maoni ya umati. Mnacheka mungu wa paybill. Huyo namcheka nami. Ila msidhani mkishamcheka huyo mmemaliza kazi.

Na Socrates mnayemtuma kama picha ya hali yenu hakuwa mtu wa kucheka sadaka. Rafiki yake Xenophon anasema alitoa, tena alitoa kidogo kulingana na uwezo wake, akiamini kwamba miungu haiwezi kufurahia kikubwa cha tajiri kuliko kidogo cha maskini, na akiomba alikuwa akiomba mema tu bila kutaja ni yapi. Hakujaza akaunti. Na siku ya kufa, sumu ikiwa imeshapanda kutoka miguuni, maneno yake ya mwisho kwa rafiki yake Crito yalikuwa kwamba wana deni la jogoo kwa Asclepius, mungu wa uponyaji, asisahau kulilipa. Kuku! Mtu aliyehukumiwa kwa kutoheshimu miungu anakufa akikumbuka deni la kuku wa kanisa. Watu wamebishana miaka zaidi ya 2,000 alimaanisha nini. Mimi najua tu kwamba hakuna aliyemtumia ujumbe wa kumkumbusha.

Pia msiniambie dawa ni serikali. Baada ya Shakahola, kamati iliyoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi ilipewa kazi ya kuangalia sheria za dini, na tangu hapo kila mtu ana rasimu yake ya nani apewe leseni ya kuhubiri. Anayeiba ashtakiwe kwa wizi. Anayeua ashtakiwe kwa kuua, kama Euthyphro alivyotaka, hata awe baba yako wa kiroho. Lakini sheria ya kupima nani anamcha Mungu vizuri tunajua ilimshika nani. Plato mwenyewe, mwanafunzi wa mtu aliyeuawa kwa sheria hiyo, alipoandika yake alipendekeza wanaowaghilibu watu kwa jina la miungu wafungwe maisha porini na wakifa watupwe bila kuzikwa. Nikisoma hapo nafunga kitabu nakwenda kunywa chai.

Kwa hiyo, ile kazi ya watumishi. Socrates hakumjibia Euthyphro. Ila mahakamani alisema kwamba ameishi maskini kwa sababu ya kumtumikia mungu, na utumishi wenyewe ulikuwa kuzunguka sokoni akiwauliza watu kama wanaitunza roho zao kuliko pesa zao. Hiyo ni kazi inayoonekana, hata kama waliikasirikia.

Nami nina mfano ninaoujua. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa watu waliofukuzwa makwao. Nilikuwa mdogo. Mathe na wanawake wengine wa mtaa walikuwa wakienda huko na sufuria, wanapika uji. Walikuwa wa makabila tofauti, na wakati huo kupanda matatu moja mkiwa hivyo lilikuwa jambo. Hakuna aliyewaita Mtumishi. Hakuna paybill, na sidhani ilimpitia akilini kwamba Mungu anamdai au anadaiwa naye. Palikuwa na watoto wenye njaa na palikuwa na unga. Nilipomkumbusha juzi alisema, "Ah, hiyo haikuwa ibada, hiyo ilikuwa shida." Mathe, ninakuambia hapa mbele ya wasomaji wote: hiyo ndiyo ilikuwa ibada. Ile ya mwezi wa pili ndiyo ilikuwa shida.

Jumapili iliyofuata nilienda naye. Nilikaa ibada nzima, masaa matatu, na sitasema yote yalikuwa mabaya. Kwaya iliniliza kidogo. Baada ya ibada watu walipanga foleni ya kumsalimu Mtumishi karibu na gari, na mathe akanivuta nisalimiwe, niwekewe mkono kichwani kwa ajili ya ile kazi. Zamu yetu ilipofika nilimwambia shikamoo, nikamshukuru kwa neno, nikamwambia nina swali moja tu. Akasema uliza, kijana. Nikamuuliza Mungu anajenga nini hapa Kaptembwa, na yeye katika hiyo kazi anashika upande upi, ili nami nijue pa kushika.

Aliniangalia kwa upole. Akasema ni swali zuri sana, la kutafutia siku. Kisha akatazama saa. Alikuwa na ibada ya pili Gilgil na alikuwa ameshachelewa. Aliniwekea mkono kichwani kwa haraka, mlango ukafungwa, kijana wa kanisa akasimamisha bodaboda ili gari litoke.

Euthyphro naye aliondoka hivyohivyo. Alisema ana haraka mahali fulani.

Mathe hakuongea mpaka steji. Nilijua amekasirika kwa vile alivyoshika mkoba. Tulipokaa ndani ya matatu, akaniuliza bila kugeuka, yule Mgiriki wako wa maswali walimfunga miaka mingapi.

"Hawakumfunga, mathe. Walimpa sumu."

"Kwa kuuliza tu?"

"Kwa kuuliza."

"Basi chunga," akasema, na akamlipa kondakta nauli ya wawili.